Pikapu, bwawa la kupuliza au tanki: ulinganisho kwa anayetaka pa kuogelea bila kuchimba

Nyuma ya pikapu tayari pana kuta nne na sakafu. Tandika turubai, fungulia mpira wa maji, na kabla saa moja haijaisha watoto wanarushiana maji huku wakubwa wamekaa wameegemea ubavu wa bodi, yaani hilo sanduku la mizigo. Hakuna kuchimba, hakuna saruji, hakuna kusubiri fundi. Ndiyo maana joto likizidi wazo hili hurudi, na mimi ni miongoni mwa wanaolipenda kwa dhati.

Kulipenda hakunizuii kusema kwamba si kila pikapu inafaa, na si kila mwenye pikapu ana haja ya kuitumia hivyo. Vipo vyombo vingine vitatu vinavyofanya kazi ileile: bwawa la kupuliza, bwawa la fremu za chuma, na lile tanki pana la bati ambalo wafugaji hunyweshea ng'ombe. Nitaviweka bega kwa bega na pikapu. Nitakaa zaidi kwenye pikapu, kwa kuwa hapo ndipo penye hesabu ambayo watu wengi huiruka.

Kilo kwanza, turubai baadaye

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hili kila mtu alifundishwa shuleni, lakini likija suala la bwawa husahaulika, kwa sababu maji yakiwa yametulia hayaonekani kuwa mzigo. Mtu ambaye hawezi kupakia mifuko ishirini ya saruji kwenye gari lake bila kufikiri mara mbili atalijaza maji ya uzito uleule huku anaimba.

Chukua pikapu ya kabini mbili yenye bodi ya mita 1.5 kwa mita 1.5. Kila sentimita 10 za maji ni lita 225. Kina cha sentimita 30 kinakupa kilo 675. Ukipandisha hadi sentimita 45, karibu na ukingo, umevuka tani moja, na hapo hajapanda mtu hata mmoja. Vifuniko vya magurudumu vinapunguza kidogo, lakini si kiasi cha kukuokoa. Waongeze watu wazima wawili wa kilo 75 kila mmoja na watoto wawili wa kilo 30: kilo nyingine 210.

Wapo wanaoamini kwamba mtu akishaingia majini anakuwa mwepesi, kwa hiyo gari halimhisi. Wepesi huo anauhisi yeye tu. Uzito wake wote unashuka kwenye springi, isipokuwa kama maji yamemwagika nje kumpisha.

Pikapu nyingi za kazi, za aina ya Hilux, Ranger au D-Max, zimeundwa kubeba takriban tani moja, na za kabini mbili mara nyingi hubeba pungufu ya zile za kabini moja za aina hiyohiyo. Ukubwa wa umbo nao unadanganya. Ford F-150, gari pana la Kimarekani, ikiwa na bodi yake fupi ya mita 1.7 inaweza kupokea lita 1,500 hivi ukijaza hadi ukingoni. Hiyo ni tani moja na nusu, na F-150 nyingi hazikuruhusiwa kubeba uzito huo. Bodi ndefu ya kabini moja nayo ina mtego wake: kwa urefu wa mita 2.3 na upana wa mita 1.5, sentimita 30 tu za maji tayari ni lita 1,035.

Kwa hiyo usiulize gari linaingiza maji kiasi gani. Uliza limeruhusiwa kubeba nini. Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko au kibati kilichopo kwenye nguzo. Pengine kiko chini ya boneti. Tafuta uzito wa juu kabisa wa gari likiwa na mzigo, toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho ulichonacho, na ndani yake mnahesabiwa nyinyi wenyewe, sanduku la vifaa, na zile bomba za chuma ulizoongeza juu ya bodi.

Kisha piga hesabu hii. Tuseme gari linaruhusu kilo 900. Toa kilo 210 za waogaji, zimebaki 690. Gawanya kwa eneo la sakafu, ambalo ni mita za mraba 2.25, unapata milimita 306. Sentimita 30 ndiyo mwisho wako, na mimi ningesimamia 27 ili pabaki nafasi ya mgeni atakayeomba kupanda. Chukua kalamu ya rangi, weka alama ndani ya bodi kabla hujafungulia maji. Ukianza kukisia macho yakiwa yameona maji, utaongeza tu.

Jambo moja zaidi kuhusu uzito. Bodi ya pikapu ya kabini mbili imekaa juu ya ekseli ya nyuma, na sehemu yake imening'inia nyuma ya ekseli hiyo. Karibu maji yote yanakandamiza tairi mbili za nyuma, na mbele kunapungua uzito. Gari linaweza kuwa ndani ya kiwango chake kwa jumla huku ekseli ya nyuma imezidiwa. Pandisha upepo wa tairi za nyuma hadi kiwango kilichoandikwa kwa mzigo kamili, na utazame springi wakati maji yanapanda. Zikinyooka kabisa, au raba za kuzuia zikigusana na ekseli, funga maji hapohapo, hata kama alama yako haijafikiwa.

Turubai la kawaida au mfuko ulioshonwa

Ukisharidhika na kilo, swali la pili ni kitu cha kutandika. Hapa pana njia mbili zenye tofauti kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Turubai jepesi la plastiki, lile la buluu, limefumwa kwa nyuzi bapa na kupakwa utando mwembamba juu na chini. Mvua inateleza juu yake bila shida. Maji yaliyosimama kwa saa tano ni jambo jingine. Kila mahali lilipokunjwa dukani utando una ufa usioonekana, na shinikizo la maji huutafuta ufa huo. Kwanza kona inatoa jasho, kisha matone yanaanza kufuatana chini ya bampa. Kwa mchana mmoja haina neno. Ukitandika mawili, moja juu ya jingine, mikunjo isikutane mahali pamoja, litakufikisha jioni.

Turubai zito la PVC, lile linalofunika mizigo ya malori, lipo daraja nyingine kabisa. Halipitishi maji kwenye mikunjo, halikwaruziki kwa urahisi, na likitoboka linazibwa kwa kiraka na gundi yake. Ubaya wake ni uzito na ukaidi: kwenye kona halikai, linataka kukunjwa kwa subira. Plastiki nzito inayotandikwa mabwawa ya samaki ni imara vilevile, ila nyingine ni kavu kiasi kwamba kwenye kona ndogo za bodi inasimama yenyewe na kuacha matundu ya hewa nyuma yake. Ikiwa unayo ya aina laini, ya mpira, ni nzuri mno.

Ukubwa wa kununua unatokana na hesabu rahisi: urefu wa sakafu, ongeza kina cha bodi mara mbili, ongeza sentimita 30 za kuning'inia kila upande. Kwa bodi ya mita 1.5 yenye kina cha sentimita 50 unapata mita 3.1. Lile la mita 3 kwa 4 litakubana upande mmoja. Pandisha daraja moja ulale usingizi.

Njia ya pili ni mfuko wa PVC uliokatwa kwa vipimo vya bodi na kuunganishwa kwa joto, wenye kona zake, mikanda ya kushika ukingo na kizibo cha kutolea maji. Marekani huuzwa tayari kwa vipimo vya bodi zinazojulikana, na fundi wa maturubai ya malori mwenye mashine ya kuunganisha kwa joto anaweza kuutengeneza ukimpelekea gari lenyewe. Unakaa vizuri kuliko turubai lolote, maji yanatoka kwa kufungua kizibo, na kuutandika ni kazi ya dakika kumi. Lakini umefungwa kwenye gari moja. Ukibadilisha pikapu, au ukiweka fremu ya kubebea ngazi juu ya bodi, mfuko haukai tena. Mtu wa kuogelea mara mbili kwa msimu hauhitaji. Mwenye watoto watatu na joto la miezi minne atafurahi kuwa nao.

Vyovyote utakavyochagua, angalia mahali pamoja kwa makini: pale mlango wa nyuma unapokutana na sakafu ya bodi. Pana mwanya, mara nyingi wa upana wa kidole. Maji yakipanda hulisukuma turubai ndani ya mwanya huo mpaka linavimba kama puto dogo. Linavutika, linapungua unene, linang'aa, na kama ukingo wa bati una makali, ndipo linapopasuka. Watu hulaumu turubai, kumbe kosa ni la mwanya. Dawa yake ni kipande cha ubao wa plaiwudi kilichokatwa kwa upana wa mlango na kusimamishwa ndani, pamoja na zulia kuukuu lililolazwa juu ya kiungo hicho kabla ya turubai. Zulia hilohilo liendelee sakafu nzima na lipande juu ya vifuniko vya magurudumu. Papasa kwa kiganja: vichwa vya boliti, pete za kufungia kamba, mabaki ya misumari ya mzigo wa jana. Kila kinachokwaruza kiganja kitakwaruza turubai likiwa limekaliwa na mtu.

Mlango wenyewe nao unabeba nguvu kubwa kuliko macho yanavyokadiria, kwa kuwa msukumo wa maji hauongezeki sambamba na kina. Kina kikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Mlango wa upana wa mita 1.5 unasukumwa na maji ya sentimita 30 kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 67 hivi. Kwa sentimita 40 ni kilo 120. Kwa 50 inakaribia 190. Lachi zilizochoka au zenye kutu hazifai kupewa kazi hiyo peke yake, hivyo zungusha mkanda wa kufungia mizigo nyuma ya mlango na uukaze kwenye pete za bodi pande zote mbili. Na asiwepo mtu anayefungua mlango huo maji yakiwa ndani, kwa mchezo au kwa haraka ya kumaliza.

Ukilinganisha na vyombo vya chini

Bwawa la kupuliza la watoto, lenye kipenyo cha mita 1.5, huchukua lita 300 hadi 400. Ni jepesi, linakunjwa likaingia kabatini, na mtoto akianguka kutoka ukingoni anaangukia nyasi. Adui yake ni mwiba, kucha ya mbwa na jua. Hakuna mtu mzima atakayefurahi ndani yake, labda kutia miguu.

Bwawa la fremu za chuma ndilo mshindani wa kweli. Lenye kipenyo cha mita 3 na kina cha sentimita 76 linabeba lita 4,500 hivi, yaani mara sita au saba ya pikapu. Watu wanaogelea humo, hawakai tu. Linataka eneo lililosawazishwa vizuri na muda wa kulifunga, na likishajaa halihami. Usiliweke kwenye veranda ya ghorofani wala juu ya paa bapa. Tani nne na nusu si kitu cha kujaribia jengo.

Tanki la mifugo la bati lililopakwa zinki, lile duara la kipenyo cha mita 2.4 na kina cha sentimita 60, huchukua karibu lita 2,700. Hili nalipenda kuliko yote kwa mtu mwenye uwanja wake. Halitoboki, halihitaji turubai, linakaa miaka. Tatizo ni usafiri wa kulileta na jua linalochoma ukingo wake mpaka huwezi kuushika. Ukitumia vidonge vya klorini, visilale juu ya bati. Vinakula zinki na kutu inaanzia hapo. Viweke kwenye kielea chake.

Chombo cha chuma kilichowekwa ardhini kinaweza kufika mbali. Mwaka 2009 kampuni ya Macro Sea iligeuza makontena ya taka kuwa mabwawa huko Brooklyn, New York, na mwaka uliofuata mabwawa ya namna hiyo yakawekwa Park Avenue katika siku za Summer Streets, barabara ikiwa imefungiwa magari. Yalibebwa matupu na kujazwa mahali pake, na hiyo ndiyo sehemu ya kuiga.

Sasa tazama ardhi, kwa kuwa hapa vyombo vya chini vinaishinda pikapu waziwazi. Bwawa lenye maji ya sentimita 60 linakandamiza ardhi kwa takriban baa 0.06 (baa ni kipimo cha shinikizo) kila mahali sawasawa. Tairi ya gari inakandamiza kwa karibu kiasi cha upepo uliomo ndani yake, yaani baa mbili na zaidi, kwenye kipande kidogo cha ardhi. Juu ya bustani iliyonyeshewa au mchanga wa ufukweni, bwawa la kupuliza linakaa raha mustarehe huku pikapu ikizama taratibu kwa tairi za nyuma, na maji yanayorushwa nje yanalainisha udongo zaidi. Pikapu inataka zege, lami au kokoto zilizoshindiliwa.

Inataka usawa pia. Mteremko wa nyuzi 5, ambao ukiwa umesimama hutaujali, kwenye bodi ya mita 1.5 unaleta tofauti ya sentimita 13 kati ya upande mmoja na mwingine. Ulipopanga 30 kote, huku ni 23 na kule ni 37. Weka kigingi mbele na nyuma ya magurudumu, tia gia, vuta hendibreki. Hendibreki peke yake kwa kawaida inashika magurudumu ya nyuma tu.

Maji yenyewe

Watu huona pikapu inabana maji kwa sababu ni ndogo. Kwa siku moja ni kweli. Lakini maji ya bodi hayana chujio wala pampu, yanapata joto upesi, na yana mafuta ya kujipaka, jasho na nyasi za miguuni. Kwa kidimbwi kidogo cha namna hii ushauri wa afya ni mmoja: mwaga kila baada ya matumizi. Klorini ya kukisia haikuokoi. Kwenye maji machache kiwango kinapanda na kushuka haraka, na kimelea kama kriptosporidiamu huvumilia klorini ya kawaida kwa siku kadhaa. Mwenye tumbo la kuhara asiingie, awe mtoto au mtu mzima.

Basi hesabu wiki nzima. Lita 675 kila siku kwa siku 7 ni lita 4,725. Umeshapita bwawa la fremu la lita 4,500 ambalo, likiwa na pampu yenye chujio, klorini ya milligramu 1 hadi 3 kwa lita na pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 7.2 na 7.8, linatumika msimu mzima kwa kuongezea kidogo kidogo. Kwa mtu wa kuogelea kila siku, chombo kikubwa ndicho kinachobana maji. Kwa mtu wa Jumamosi moja moja, pikapu inashinda.

Kutoa maji, hata hivyo, pikapu haina mpinzani. Sakafu ya bodi iko sentimita 80 au zaidi kutoka ardhini, kwa hiyo mpira wa kawaida wa bustani unanyonya maji na kuyashusha wenyewe bila pampu wala umeme. Mpira wa nusu inchi hutoa lita tisa au kumi kwa dakika. Bodi ya lita 675 inachukua saa moja na zaidi kidogo, na unaweza kuuelekeza kwenye miti mmoja baada ya mwingine. Ukishamaliza, toa turubai, ondoa zulia, fungua mlango wa nyuma na uache upepo upite. Unyevu uliobanwa kati ya zulia na bati ndio unaoleta kutu, kuliko maji yenyewe ya kuogelea.

Joto nalo ni sifa ya pikapu yenye pande mbili. Jua kali likipiga kidimbwi cha eneo hilo linaweza kuyapasha maji karibu nyuzi mbili kwa saa. Yaliyotoka bombani yakiwa baridi asubuhi yanakuwa mazuri mchana. Bati la ukingo, hasa la rangi nyeusi, linaunguza ngozi kabla ya hapo. Tandaza taulo zilizoloweshwa pande zote.

Hatari ambazo chombo cha chini hakina

Ya kwanza ni moshi. Ekzosi ya pikapu inatokea nyuma, chini ya bodi, hapo hapo penye vichwa vya waogaji. Mtu anawasha injini ili muziki usimalize betri, au ili mzee aliyekaa kabini apate kipupwe. Kaboni monoksaidi haina harufu. Inalewesha taratibu, na aliyelewa majini hapigi kelele. Injini izimwe, ufunguo utoke, muziki utafutiwe spika yake yenyewe. Hapa sina mjadala.

Ya pili ni kimo. Ukingo wa bodi ya gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne uko mita 1.2 na kuzidi kutoka ardhini, na chini yake ni zege lilelile nililosema gari linalihitaji. Umelowa, miguu inateleza, PVC inateleza maradufu. Mtoto anayekaa juu ya ukingo kugeuka kumwita mwenzake anaanguka upande usio na maji. Sheria iwe moja, nayo itangazwe kabla ya kupanda: hakuna kukaa ukingoni, hakuna kuruka, na kupanda ni kwa ngazi iliyofungwa.

Kimo hichohicho kina faida moja. Mtoto wa miaka miwili hawezi kujitumbukiza kwenye bodi kama anavyoweza kwenye bwawa la kupuliza. Lakini bampa ni ngazi, na mtoto hujifunza haraka. Sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha mtoto mdogo, awe juu ya gari au chini, kwa hiyo mtu mzima mmoja ana kazi ya kutazama tu, bila simu, na chombo chochote hakilali na maji.

Ya tatu ni mizigo ya jana. Bodi iliyobeba dawa za mashamba, betri za magari au mapipa ya dizeli haifai hata ukiitandika turubai tatu. Tafuta chombo kingine. Iliyobeba mchanga au mbuzi inasuguliwa kwa sabuni na inafaa.

Na je, kuliendesha likiwa limejaa?

Hapana. Maji hayatulii kama magunia. Ukishika breki yote yanakwenda mbele, ukikata kona yote yanaegemea nje, na bodi iliyojaa nusu ni mbaya kuliko iliyojaa kabisa kwa kuwa maji yana nafasi ya kukimbia. Malori ya kubeba maji na mafuta yana kuta za ndani za kuyakata mawimbi hayo. Bodi yako haina. Hata mwendo wa polepole ndani ya uwanja, watu wakiwa wamekaa majini, siukubali.

Atakayekutajia Cadillac yenye maji ndani mkumbushe ilikuwa kitu gani. Duncan Forster na Phillip Weicker, wahandisi kutoka Kanada, waligeuza Cadillac DeVille ya 1969 kuwa beseni la maji moto linalotembea, na Agosti 2014 wakaifikisha takriban kilomita 84 kwa saa huko Wendover, Utah. Gari hilo lilijengwa upya kwa ajili ya maji, kwa miaka, na likakimbizwa kwenye uwanja wa ndege. Turubai juu ya springi za kiwandani halihusiani nalo.

Ungechagua kipi

Kama una uwanja wako, ardhi sawa, na mnataka maji kila siku, acha pikapu ibebe mizigo. Chukua tanki la bati ukiweza kulisafirisha, au bwawa la fremu. Hapa sisiti hata kidogo.

Kama unaishi nyumba ya kupanga, una sehemu ya kuegesha yenye zege na huruhusiwi kuweka kitu cha kudumu, pikapu ni jibu zuri kweli. Inajazwa mchana, inamwagwa jioni, hakuna alama inayobaki. Vivyo hivyo kwa safari ya kambi kwenye chanzo cha maji safi: gari linakwenda tupu, linajazwa huko, linarudi tupu. Hapo hakuna chombo kinachoifikia. Turubai zito la PVC, plaiwudi kwenye mlango, kina kisichozidi sentimita 30, watu watatu au wanne.

Pikapu kuukuu yenye sakafu iliyooza kutu au springi zilizolala isipewe kazi hii kabisa, hata kama gari halitembei. Na kama waogaji wote wako chini ya miaka mitano, nunua bwawa la kupuliza, liweke kivulini kwenye nyasi, tia maji ya kufika magotini mwao, ukae kando yake.